Mbayuwayu wa buluu na mashamba ya mipaini

Huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, ukisema hadharani kwamba kuna mahali mti haufai kupandwa, watu hukutazama kama mtu aliyewatukana wazee. Tangu darasa la kwanza tumefundishwa kuwa kupanda mti ni jambo jema, na mara nyingi ni kweli. Mbayuwayu wa buluu ndiye aliyenifanya nilifikirie upya somo hilo.

Kwa mbali utadhani ni mweusi. Jua likimpiga ndipo buluu yake inapong'aa. Dume ana manyoya mawili ya mkia membamba kama nyuzi, marefu kuliko ya jike. Huruka chinichini juu ya nyasi, hata kwenye ukungu na manyunyu, akinasa wadudu hewani. Hutujia mvua zinapokaribia, hulea makinda, kisha mvua zikiisha hurudi Uganda na magharibi mwa Kenya. Kiota chake ni kikombe cha tope na nyasi, hukibandika chini ya ardhi, ndani ya shimo la muhanga au mahali palipotitia. Kwa hiyo anahitaji shimo lisilofukiwa, na pembeni yake uwanda wa nyasi wa kuwindia. Shamba la mipaini humnyima vyote viwili.

Afrika Kusini ni mfano wa karibu. Nyasi za milimani ziligeuzwa mashamba ya mbao, na leo jozi zinazozaliana huko hazifiki 100. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, imemweka katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani.

Sasa msikilize mkulima wa Mufindi au Njombe. Ekari zake chache za mipaini ndizo benki yake: ada ya mtoto ikikosekana, au mgonjwa akihitaji kupelekwa hospitali ya mbali, anauza. Milingoti, yaani mikaratusi, inakuwa nguzo za umeme. Kijana aliyekuwa akienda kutafuta kibarua mjini, leo anapata kazi kwenye kitalu cha miche au mashine ya kupasua mbao. Tena mbao za shambani zimepunguza haja ya kuingia na shoka katika misitu ya asili. Hizo si hoja ndogo, na anayezipuuza hajawahi kukosa ada.

Ninapotofautiana naye ni pale anapoita nyasi "pori tupu". Uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, una aina zaidi ya 40 za maua ya okidi, na hauna msitu wa kujivunia. Ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 tulikubali kwamba nyasi nazo ni mali. Vijito vinavyoanzia katika nyanda hizi hushuka hadi Ruaha Mkuu, na maji hayo hufika mabwawa ya Mtera na Kidatu kuzalisha umeme. Ukiijaza milingoti kichwani mwa bonde, kijito kinadhoofika. Wakulima wa vinyungu, bustani za mabondeni penye unyevu, wanalijua hilo vizuri.

Wapo wanaosema Kitulo inatosha, nje ya hapo tupande. Lakini hifadhi hiyo ina kilomita za mraba 400 na ushee tu, na mbayuwayu hasomi mabango ya mpaka. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka chanzo cha maji. Hiyo husaidia kijito, ila ndege huyu huwinda mlima mzima.

Hoja inayonisumbua zaidi ni nyingine: kwa nini mwanakijiji wa Makete agharamie ndege anayeweza kufika Uganda na kukuta nyasi zake zimelimwa? Sina jibu la kumridhisha kabisa. Ninachojua ni kwamba huko huenda kujilisha tu. Shimo la kutagia analitafuta huku kwetu.

Ndiyo maana napendekeza mipaini ipelekwe kwenye mashamba yaliyokwisha kulimwa na kuchoka, na vijiji, katika mipango yao ya matumizi ya ardhi, viyaandike mabonde na miteremko ya nyasi kuwa malisho. Ng'ombe wachache hawamsumbui mbayuwayu. Na mwanakijiji anaendelea kukamua maziwa hapohapo.