Volti 19, Bia za Moto

Paneli ya sola haina swichi. Ikiona mwanga inatoa umeme, uwe tayari usiwe tayari, na paneli 2 za wati 100 zilizofungwa sambamba zinatosha kabisa kukurushia cheche usoni ukigusanisha waya. Kwa hiyo kabla hujapeleka koleo kwenye waya wowote juu ya gari, unazifunika kwanza. Wenzangu hutumia katoni au turubai. Mimi asubuhi ile turubai sikuiona ilipo, nikatazama huku na huku, nikaona khanga kwenye kamba ya nguo. Nyekundu, ina nyeusi nyingi, nzito. Khanga moja ina upana wa kufunika paneli mbili zilizolala ubavu kwa ubavu, kana kwamba mwenye kiwanda alipima. Na kwa kuwa upepo wa Arusha asubuhi hauna adabu, nikaikaza pembe zote nne kwa mipira ya tyubu, ile tunayofungia mizigo kwenye keria. Nikifunga kitu na mpira wa tyubu, hakitoki.

Gari lenyewe lilikuwa Land Cruiser ya kukodisha kwa wageni wanaojiendesha au wanaopewa dereva, wakalala humo humo. Juu ya paa lina hema la kasha gumu, lile ambalo mfuniko wake unanyanyuka wima kama kifuniko cha sufuria, watu wanalala katikati. Paneli zimegandishwa juu ya huo mfuniko. Kutoka ardhini hadi pale ni zaidi ya mita 2 na nusu, na hema likifunguliwa zinapanda juu zaidi. Ukisimama chini huzioni. Ukipanda ngazi kwenda kulala huzioni. Anayeziona ni mwewe tu.

Kazi haikuwa kubwa. Viunganishi vya MC4, vile vya kuungia nyaya za paneli, vilikuwa vimeingia maji na pini zake zimeota kutu ya kijani, na waya mahali unapopenya paani ulikuwa umeliwa ganda na makali ya bati. Nikaweka viunganishi vipya, nikabana pini kwa koleo lake (siyo plaizi! pini iliyobanwa kwa plaizi inapata joto, halafu inayeyusha kiunganishi), nikapitisha waya mpya wa milimita 6 za mraba, nikaacha kitanzi cha waya kining'inie kidogo kabla ya tundu ili maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi ndani. Betri kwanza kwenye kontrola (kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia betrini), paneli baadaye, maana kontrola inasoma betri ili ijue mfumo ni wa volti 12 au 24. Ukianza na paneli unaweza kuichanganya akili. Taa ya kijani ikawaka. Inachaji. Nikafurahi, nikashuka, nikaondoa ngazi.

Rilei, ile swichi ya umeme inayoruhusu altaneta ya injini kuchaji betri ya ndani inayolisha friji, nayo ilikuwa imeungua, na spea haikuwepo. Nikampigia dereva hesabu kwenye kipande cha boksi: wati 200, jua kali la jumla ya masaa matano kwa siku, toa hasara ya joto na vumbi, unabaki na kama ampea-saa 55. Friji ya kompresa inakula kama 45 kwa siku kwenye joto. "Sola peke yake inatosha," nikamwambia. "Nendeni."

Wageni walikuwa mzee mmoja Mjerumani na mkewe. Wakaenda kupiga kambi Kwa Kuchinja, nje kidogo ya lango la Tarangire.

Kesho yake saa moja asubuhi simu.

"Fundi, friji imezima. Betri inasoma 11.8."

Betri ya AGM, ile iliyozibwa isiyoongezwa maji, ikijaa na kupumzika inasoma 12.8. Ikiwa 12.2 imebaki nusu. 11.8 ni maiti inayopumua. Nikamwambia asubiri jua lipande, kisha achomoe waya wa paneli kwenye kontrola na apime volti.

Saa tano akapima. "19.4."

"Paneli nzima!" nikasema, kwa sauti ya mtu anayelipwa kwa kujua. Ndiyo, kwenye karatasi yake imeandikwa 22, lakini paneli ikichemka inapoteza volti, karibu asilimia 0.3 kwa kila nyuzi moja juu ya 25, na Tarangire mwezi ule ilikuwa inachemka. Hesabu ilikubali. Hesabu ya uongo siku zote inakubali.

"Sasa nipimie ampea."

"Mita yangu haisomi ampea, fundi."

Bila shaka haisomi. Nyaya za mita zikiwa kwenye tundu la 10A, mtu akazigusisha moja kwa moja kwenye betri, fyuzi ya ndani inakwenda siku hiyo hiyo, na mita inaendelea kusoma volti kama hakuna kilichotokea. Nusu ya mita za Arusha ziko hivyo. Tukaachana na ampea. Hapo ndipo nilipoupoteza mchezo, ila nilikuwa bado natembea kifua mbele.

Nikahamia kwenye friji. Pima kwenye plagi yake ikiwa inanguruma: 11.1, wakati betrini ni 11.6. Nusu volti imepotea njiani! Nikampa dereva somo zima juu ya tundu la kuwashia sigara, linavyolegea kwenye barabara ya makorongo, na jinsi plagi yake inavyopaswa kutupwa na kuwekwa ya kukaza kwa skrubu. Yote kweli. Hakuna hata moja lililohusika.

"Na mzee analalamika," akaongeza dereva. "Anasema usiku kuna kitu kinapapatika juu ya hema. Anadhani ni popo."

"Popo si kazi yangu," nikamwambia.

Jioni nikatoa hukumu: betri imekufa. Mama Watoto alikuwa mlangoni anauliza kama nimeiona khanga yake, doti mpya, kipande kimoja kipo na kingine hakipo. Nikamwambia sijaiona, aangalie kwa jirani, watoto wa pale wanachezea nguo za watu. Nikaendelea kutafuta betri.

Betri ya AGM ya ampea-saa 100 ina uzito wa karibu kilo 30. Nawaambia hilo kwa sababu niliipakata kwenye basi la Babati, kutoka Arusha hadi Kwa Kuchinja, konda akiwa amekataa isikae njiani na mwenye kiti cha pembeni akiwa amekataa isiguse viatu vyake. Pale Makuyuni mapaja yalikuwa hayapo tena.

Nilipofika, bibi wa Kijerumani alikuwa anatupa siagi iliyokuwa maji. Nyama kilo 3 alishapewa mlinzi jana. Mzee alikaa kwenye kiti cha turubai, ameshika bia, haiinywi, anaitazama tu.

"Za moto," dereva akaniambia taratibu. "Zote."

Nikabadilisha betri. Hasi inatoka kwanza, chanya inafuata. Kurudisha ni kinyume chake. Kwenye kontrola nikaweka AGM, volti 14.4 za kujazia. Taa ya kijani ikawaka. Nikamwambia mzee asubiri saa mbili tu. Baada ya saa mbili betri mpya ilikuwa imeshuka. Nikalaumu kontrola. Nikaipapasa, ni baridi. Kontrola inayosukuma ampea 11 saa sita mchana huwa na uvuguvugu mkononi. Hii ilikuwa baridi kama bia zilivyotakiwa kuwa.

Ndipo nikakumbuka kwamba ninayo mita ya kubana waya kwenye mkoba, ile inayosoma ampea za DC bila kuchomoa kitu. Nikabana waya wa paneli. 1.3.

Zilitakiwa 11.

Nikachomoa paneli moja moja, nikapima kwa kugusanisha chanya na hasi kupitia tundu la 10A la mita yangu nzima, sekunde tatu tu (moja moja, maana zote mbili pamoja zingekula fyuzi). 0.7 na 0.6. Mbovu kwa kiwango kimoja, siku moja? Paneli mbili hazifi pamoja kama mapacha wa hadithi. Kinachowezekana ni kimoja: mwanga haufiki. Na hapo ndipo ukweli wa shule ya kwanza ukanijia, ule ninaowafundisha vijana wangu kila mara: mwanga ukipungua mara kumi, ampea nazo zinapungua mara kumi, lakini volti zinashuka mbili au tatu tu. Ukipima volti peke yake, paneli iliyozikwa hai inakujibu "nipo".

Nikapanda juu ya keria, nikakanyaga kioo cha pembeni, nikachungulia.

Ilikuwa imetulia, imekazwa pembe tatu kwa mipira ya tyubu. Pembe ya nne ilikuwa imefunguka, ndiyo iliyokuwa popo. Vumbi jekundu limeifanya kama mkeka wa udongo, lakini maandishi yalikuwa bado yanasomeka kutoka ukingo mmoja wa paneli hadi mwingine: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.

Nilikaa kule juu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Dereva akapanda, akasoma kwa sauti. Halafu akashuka na kumtafsiria mzee, neno kwa neno, huku ananionyesha kidole. Mzee alicheka hadi bia ikamwagika, na haikuwa hasara. Kontrola ikapata joto ndani ya dakika kumi. Akaomba apewe ile khanga aende nayo kwao. Ningemkatalia vipi?

Nikarudi Arusha na kilo 30 za betri mpya mapajani, ya zamani nikairudisha garini, nzima kabisa. Mama Watoto alisikiliza habari yote bila kunikatiza. Kisha akaingia ndani, akatoka na kipande cha pili, akakitupia kwenye mkoba wangu wa zana.

"Chukua na hiki. Nusu doti nitaifanyia nini?"

Ndicho ninachofunikia paneli hadi leo. Ila siku hizi nikikitandika tu juu ya gari la mteja, funguo za gari lake nazifunga kwenye pindo.