Kutoka Uwanjani hadi Benchi: Njia ya Benni McCarthy na Wachezaji Wetu wa Malindi

Benni McCarthy, mshambuliaji wa zamani wa Afrika Kusini, alipokabidhiwa timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars, mwezi Machi 2025, mazungumzo niliyoyasikia hapa Malindi, kwenye baraza za Shella na katika vibanda vya kutazamia mpira vya Kisumu Ndogo, yalihusu mabao yake. Hata vijana ambao mwaka 2004 walikuwa hawajazaliwa waliyasimulia kana kwamba walikuwapo. Sina ugomvi na sifa hizo, kwa kuwa ni haki yake. Nasikitika tu kwamba hakuna aliyetaja miaka kumi na zaidi iliyopita kati ya siku alipotundika njumu na siku alipotua Nairobi, ilhali kwa maoni yangu miaka hiyo ndiyo iliyomstahilisha kazi aliyopewa.

Kama mchezaji, McCarthy alifika mbali kuliko Mwafrika Kusini mwingine yeyote. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 1998 alifunga mabao saba, akafungana na Hossam Hassan wa Misri kileleni mwa orodha ya wafungaji. Msimu wa 2003/04 aliongoza kwa mabao katika ligi ya Ureno, na mwezi Februari 2004 akaifungia Porto mabao yote mawili ilipoilaza Manchester United 2-1. Katika mechi ya marudiano kule Old Trafford ni yeye aliyepiga ile frikiki ya dakika za mwisho ambayo kipa Tim Howard aliitema, Costinha akaumalizia mpira wavuni. Porto ikasonga mbele na hatimaye kutwaa Ligi ya Mabingwa. Timu ile ilifunzwa na José Mourinho, mtu ambaye hakuwahi kucheza soka ya kiwango cha juu, na naamini kwamba kwa mchezaji mwenye akili, kukaa chini ya kocha wa aina hiyo kulikuwa somo tosha kwamba kucheza na kufunza ni kazi mbili tofauti.

Alistaafu mwaka 2013 akiwa na Orlando Pirates. Angalikuwa kwetu, wiki iliyofuata angalipewa timu. Yeye alikwenda Ubelgiji kuwa kocha msaidizi wa Sint-Truiden, klabu ambayo sidhani kama ina mashabiki wengi Malindi. Ilipofika mwaka 2017 ndipo alipopewa usukani wa Cape Town City, na mwaka huohuo akapoteza fainali ya MTN8, kombe la klabu za Afrika Kusini, kwa mikwaju ya penalti dhidi ya SuperSport United. Mwaka uliofuata alikutana na wapinzani walewale katika fainali ileile, ikaamuliwa tena kwa penalti, na safari hii akashinda. Mwezi Novemba 2019 alipigwa kalamu. Aliporudi kazini Desemba 2020, aliichukua AmaZulu ya Durban na kuimalizisha ya pili ligini, ikafuzu kwa Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mara ya kwanza na kuing'oa TP Mazembe njiani kuelekea hatua ya makundi. Hata hivyo Machi 2022 alitimuliwa tena.

Kilichofuata ndicho ninachokiheshimu zaidi. Mtu aliyekwisha kuwa kocha mkuu wa klabu mbili alikubali kurudi kuwa msaidizi, akajiunga na benchi la ufundi la Manchester United Julai 2022 kuwanoa washambuliaji, na msimu ule Marcus Rashford akafunga mabao 30 katika mashindano yote. Sidai kwamba mabao hayo ni ya McCarthy. Nasema kwamba alikaa miaka miwili karibu na kazi kubwa bila kuwa mkubwa wake, jambo ambalo nyota wengi wa zamani hawalikubali.

Mfano wa upande wa pili ni Gary Neville. Alikuwa beki aliyeshinda kila kitu na klabu yake, na kwenye televisheni anauchambua mchezo kwa namna inayomfanya mtazamaji aone alichokuwa hakioni. Alikuwa pia amewahi kuwa msaidizi katika timu ya taifa ya Uingereza. Desemba 2015 Valencia ilimkabidhi timu ingawa hakuwahi kuwa kocha mkuu wa klabu yoyote, tena katika nchi ambayo hakuijua lugha yake. Februari 2016 alifungwa 7-0 na Barcelona, na kabla Machi haijaisha alikuwa ameachishwa kazi. Zinedine Zidane, aliyempita Neville kwa kipaji, alikuwa msaidizi wa Carlo Ancelotti, kisha akaifunza timu ya pili ya Real Madrid kabla ya kupewa ile ya kwanza Januari 2016. Alitwaa Ligi ya Mabingwa mara tatu mfululizo. Sisi watu wa Pwani tungepaswa kulielewa hili upesi, kwa sababu hakuna mwenye chombo anayemkabidhi baharia unahodha kwa kuwa tu anapanda mlingoti vizuri.

Sababu ya mchezaji hodari kushindwa kufunza niliiona kwa macho yangu hapa Malindi, katika uwanja wa Alaskan. Mchezaji mmoja wa zamani, kiungo aliyewahi kusifika katika mji huu, alikuwa akiwafunza vijana jioni, na kila mpira ulipokwenda pembeni alimpigia kelele winga wake, "Fungua! Fungua!" Kijana alikimbia huku na huko, uso umemparama, asijue afungue nini. Msaidizi wake, mwalimu wa michezo ambaye hakuwahi kuwa na jina, aliingia uwanjani, akavua kandambili zake na kuziweka juu ya mchanga hatua chache kutoka kwenye mstari. Akamwambia kijana asimame pale, mgongo auelekeze nje, na amtazame beki kiunoni kabla mpira haujamfikia, si baada yake. Baada ya majaribio machache kijana alikuwa akigeuka na kumwacha beki. Yule nyota alijua kila kitu ambacho mwalimu alikijua, pengine na zaidi, lakini yeye alikifanya kwa mwili tangu utotoni na hajawahi kulazimika kukieleza.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaosema kuwa wachezaji wa zamani waachwe na timu zipewe walimu. Bernard Mwalala, aliyewahi kuwa mshambuliaji wa Yanga ya Tanzania, aliiongoza Bandari ya Mombasa mwaka 2019 kutwaa kombe la Ngao na kumaliza ya pili katika ligi kuu. Pwani nzima ilifaidi. Na McCarthy mwenyewe, katika CHAN ya Agosti 2025, michuano ya Afrika ya wanaocheza ligi za nchi zao, aliwachukua wachezaji wa ligi ya nyumbani wakaongoza kundi lenye Moroko na Kongo ya Kinshasa. Siku ya Moroko walibaki kumi uwanjani tangu kipindi cha kwanza, wakalilinda bao la Ryan Ogam hadi kipenga cha mwisho, mbele ya timu iliyokuja kuwa bingwa. Tulitolewa na Madagaska kwa penalti katika robo fainali, na iliuma, lakini mpangilio ule wa watu kumi haukutokana na kumbukumbu za mabao ya Porto.

Kinachokosekana kwetu ni ile hatua ya katikati. Mchezaji wa Muyeye au Barani anapostaafu ana mambo mawili mbele yake: apewe timu ya wakubwa kesho yake kwa sababu ya jina, afukuzwe baada ya mechi chache na asirudi tena, au aishie barazani akisimulia enzi zake. Mafunzo ya leseni ya ukocha daraja D ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, ambayo ndiyo mlango wa kwanza, yanahitaji karo, nauli na siku za kuacha kibarua. Bila ngazi hizo za chini hakuna atakayefika daraja A, ambalo CAF inalidai kwa kocha mkuu wa klabu inayoshiriki mashindano ya Afrika.

Wala si jambo lisilowezekana katika kaunti hii. Moving the Goalposts, shirika lililoanza Kilifi mwaka 2001, limekuwa likiwafunza wasichana wanaocheza ili wawe makocha na waamuzi, tena wakiwa bado vijana, na sioni kwa nini upande wa wanaume usubiri mtu azeeke ndipo afikiriwe. Mashindano ya wadi yanayofadhiliwa na wanasiasa na wafanyabiashara hutoa jezi, mipira, kombe na fedha za mshindi. Napendekeza kila mfadhili atenge pia karo ya mchezaji mmoja anayekaribia kustaafu, kwa sharti lililoandikwa kwamba akipata cheti atahudumu misimu miwili kama msaidizi katika timu ya vijana ya wadi yake, akilipwa angalau nauli, kabla ya klabu yoyote ya mji huu kumpa timu ya wakubwa.