Hofu ya mofini imemwangukia asiyehusika

Ndugu wa mgonjwa wakinong'onezana "wameshamwanzishia mofini", ile dawa kali ya maumivu, ujue wameanza kuhesabu siku. Hofu hiyo ni ya zamani, ila miaka ya karibuni imepata nguvu mpya kutoka Marekani, ambako dawa za maumivu za jamii ya afyuni, ambayo mofini imo, nyingi zikiwa zimeandikwa na madaktari, zilifungua mlango wa janga lililoua watu kwa malaki. Wanaotaka mofini ikae chini ya kufuli sasa wana mfano wa kuuonyesha.

Na mfano wenyewe ni mzito. OxyContin, dawa mojawapo ya jamii hiyo, iliingia sokoni mwaka 1996 ikinadiwa kuwa haina hatari kubwa ya uraibu, hata kwa mtu ambaye mgongo humuuma miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2007 kampuni ya Purdue iliyoitengeneza ilikiri mahakamani kuitangaza kwa udanganyifu. Kibaya zaidi, mgongo wenyewe haukupona. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa wanajeshi wastaafu 240 wa Marekani wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au goti. Baada ya miezi 12, waliotumia dawa hizo hawakuwa wakijimudu zaidi kuliko wenzao wa parasetamoli na ibuprofeni, na maumivu yao yalikuwa juu kidogo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) likashauri zisiwe tiba ya kawaida ya mgongo sugu; lililopendekeza ni mazoezi, elimu na dawa za aina ya ibuprofeni. Hapo sina ubishi.

Lakini yule ni mgonjwa wa mgongo. Mwenye uvimbe unaokandamiza neva, au kansa iliyoingia mifupani, ana maumivu ya namna nyingine, na WHO imeelekeza mofini kwa maumivu yake makali tangu 1986. Hunywa mofini ya maji kila baada ya saa 4, maumivu yawepo yasiwepo. Dozi ya kulalia huongezwa maradufu ili asiamshwe usiku wa manane. Pembeni hupewa dawa ya kulainisha choo, kwa sababu usingizi na kichefuchefu huisha baada ya siku chache lakini kufunga choo hakuishi. Mwili huzoea, ni kweli, na dozi haikatwi ghafla. Huo si uteja. Na mofini si dawa pekee: kwa mfupa unaouma, mionzi ya siku moja tu mara nyingi hutuliza sawa na ya siku nyingi.

Kuna takwimu moja inayoninyima raha. Mwaka 2017 tume ya jarida la The Lancet ilikadiria kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya afyuni zilizosambazwa duniani kwa mwaka, zikipimwa kwa kiwango cha mofini, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1. Yaani kilo 100. Gunia la mahindi! Mgonjwa anayekunywa miligramu 60 kwa siku kwa miezi 3 humaliza gramu 5 na ushei. Piga hesabu: gunia hilo linawatosha wagonjwa kama 18,500, nchi zote hizo kwa pamoja, bila kubakiza tone kwa aliyeungua moto au aliyetoka kupasuliwa. Na kisingizio cha fedha hakitoshi, maana tume hiyohiyo ilikadiria kwamba kwa bei za chini kabisa, pengo lote la dunia lingezibwa kwa dola milioni 145 kwa mwaka.

Mtu wa Mombasa au Zanzibar ataniambia hofu yake hakuiazima Marekani. Ameona heroini ilivyowamaliza vijana wa mtaani kwake. Namwelewa. Ila Uganda, ambako Dkt. Anne Merriman alianzisha hospisi, huduma ya kuwatunza wagonjwa mahututi, mwaka 1993, mofini ya unga huchanganywa na maji humohumo nchini, ikawekwa rangi kutofautisha ukali wake, na mgonjwa hatozwi. Tangu 2004 sheria imewaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya mgonjwa, kuiandika. Chupa yenye miligramu 5 tu katika kila mililita 5 haiwezi kulinganishwa na kete ya heroini.

Pana eneo moja linalonipa shaka. Waliopona kansa wakabaki na maumivu ya neva yaliyoachwa na upasuaji au dawa kali za kansa huishi miaka mingi, na kuwaendeleza kwenye mofini bila kikomo kunaanza kufanana na kosa la Marekani. Kwao hoja ya tahadhari ina uzito.

Mpaka kati ya makundi haya huvukwa pia kwa upande wa pili. Mzee anayelalamika mgongo, hasa usiku akiwa amejilaza, ambaye duka la dawa limeshambadilishia vidonge mara tatu, huenda ana kansa ya tezi dume iliyofika kwenye uti wa mgongo. Miguu ikianza kulegea au mkojo ukigoma kutoka, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.