Mwalimu tarajali acheze au asome?

Chuo cha Ualimu Butimba hapa Mwanza kina jina kwa muziki, sanaa na michezo, kwa hiyo wazo kwamba mwalimu tarajali afundishwe kucheza si geni kwetu. Ubishi unaanza akienda mazoezi ya kufundisha. Uwiano rasmi wa shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, madarasa yanayozidi hapo mara mbili hayamshangazi mtu. Wanaopinga wanauliza: watoto wote hao utawachezesha nini, na upimaji wa darasa la nne huo unakuja?

Swali la haki. Tena ubunifu mwingi wa vyuoni ni wa kukaguliwa tu: manila imepakwa rangi, vizibo vya soda vimebandikwa, mkufunzi ametoa alama, zana inaishia juu ya kabati.

Hata hivyo, chukua bao, ambalo Wasukuma huliita isolo. Chimbeni uwanjani mashimo 16 ya kuzunguka. Anza na kokoto 7 za shimo la 13, uziangushe moja moja kuanzia shimo linalofuata. Kabla mkono haujasogea, uliza: ya mwisho itaangukia wapi? Mmoja atahesabu kwa kidole hewani. Mwingine atasema 20, wenzake wamcheke, maana shimo la 20 halipo. Wakifika shimo la 4, baki la kugawanya 20 kwa 16 wameliona kabla halijaandikwa ubaoni. Na vikundi kumi vinacheza kwa mpigo. Manila moja mbele ya darasa haiwezi hilo.

Ila bao lenyewe halifundishi hesabu. Wapo wazee waliolicheza maisha yao yote na kugawanya kwa maandishi hawajui. Kazi iko kwenye lile swali, na kujua uliulize saa ngapi. Mwanachuo halipati kwa kunakili nadharia za Froebel, Mjerumani aliyeanzisha chekechea yake mwaka 1837. Analipata kwa kucheza mwenyewe, kukisia vibaya, na kubanwa na mkufunzi aeleze alivyofikiri.

Kwa hiyo naunga mkono michezo vyuoni, kwa sharti: mwanachuo apewe alama kwa maswali aliyouliza mchezo ukiendelea, si kwa uzuri wa zana, na apimwe mbele ya watoto 90, si mbele ya wanachuo wenzake wanaolijua jibu tayari. Chuo kisichoweza hivyo, bora vipindi hivyo kivirudishe kwenye hisabati.