Mkono wa Mwenyezi Mungu: neno moja, njia mbili

Tukisema fulani ana mkono wa birika, hakuna anayemtazama vidole. Tumeshaelewa kuwa ni bahili. Kiswahili kimejaa mikono ya aina hiyo: mkono mrefu wa mwizi, mkono wazi wa karimu, mkono mtupu usiolambwa. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili akifika Sura ya al-Maida, aya ya 64, akakuta Mayahudi wananukuliwa wakisema mkono wa Mwenyezi Mungu umefumbwa, na Qurani ikiwajibu kuwa mikono yake miwili imekunjuliwa, hutoa apendavyo, msomaji huyo hapati taabu. Panazungumzwa ukarimu.

Taabu iko Sura Swad, aya ya 75. Iblisi amekataa kumsujudia Adam, na Mola anamuuliza ni kitu gani kilichomzuia kumsujudia “niliyemuumba kwa mikono yangu miwili”. Hapa misemo yetu haitufikishi mbali, na wanazuoni wa Kiislamu wameshika njia mbili.

Wenye njia ya taawili, yaani kuitoa aya kwenye maana ya dhahiri na kuipa maana nyingine inayokubalika katika Kiarabu, husema mkono ni uwezo. Wanachokilinda ni kikubwa. Kiungo ni sehemu ya kitu, na kitu chenye sehemu huzihitaji sehemu zake. Mwenye kuhitaji hawezi kuwa Mungu. Walianza Muutazila, kundi la wanazuoni walioipa akili nafasi kubwa, wakaja wengi katika Ashaira wa baadaye, yaani wafuasi wa imamu al-Ashari, akiwamo mfasiri wa Qurani Fakhruddin ar-Razi aliyefariki 1210.

Wenye njia ya pili, wanaozithibitisha sifa za Mungu kama zilivyokuja, bila kuuliza ziko vipi, huwajibu kwa hoja inayobana. Kama mkono ni uwezo, Iblisi naye si aliumbwa kwa uwezo huohuo? Angekosaje kusema: hata mimi umeniumba hivyohivyo, Adam kanizidi nini? Na uwezo wa Mungu ni mmoja, huo wa pili umetoka wapi? Hoja hii imo katika al-Ibana, kitabu cha Abul-Hasan al-Ashari, imamu yuleyule ambaye Ashaira wanajinasibisha naye. Wenye taawili wana jibu: mikono imetajwa ili kumtukuza Adam, kama Kaaba inavyoitwa nyumba ya Mungu na wala Mungu hakai humo. Ni jibu la heshima. Lakini kwangu halizibi pengo lote, kwa sababu swali aliloulizwa Iblisi linahusu tendo la kuumba, si cheo tu.

Nisiwape ushindi wa bure wanaothibitisha, maana nao wana mahali wanapobanwa. Sura ya al-Hadid, aya ya 4, inasema Mwenyezi Mungu alistawi (kwa Kiarabu istawa, ambalo kwa dhahiri ni kuinuka) juu ya Arshi, kiti chake cha enzi, na katika aya hiyohiyo inasema yuko pamoja nanyi popote mlipo. Wao huichukua sehemu ya kwanza kwa dhahiri yake, kisha ya pili wakaifasiri kuwa yuko pamoja nasi kwa elimu yake. Wapinzani wao huuliza, na wana haki ya kuuliza: hiyo si taawili? Ibn Taymiyya, mwanazuoni maarufu wa wanaothibitisha, alijibu kwa mfano wa mwezi. Msafiri husema mwezi uko pamoja naye popote anapokwenda, na mwezi wenyewe uko angani. Neno “pamoja” katika lugha halilazimishi kuchanganyika. Mfano huu naupenda sana. Ila mwenye taawili anaweza kuugeuza: ikiwa lugha imelipa nafasi neno “pamoja”, mbona inyimwe kwa neno “juu”?

Na kwenye Arshi kuna jambo ambalo wasomaji wetu wengi hawaligundui. Sura ya Ta-Ha, aya ya 5, inatumia neno istawa. Tafsiri ya Kiswahili inayosomwa sana imeandika “aliyetawala juu ya Kiti cha Enzi”. Kutawala ni mojawapo ya maana zilizokuwa zikigombaniwa. Mtu anaweza kudhani anasoma dhahiri ya aya, kumbe taawili imemtangulia ukurasani, hana habari.

Imamu Malik, mwanazuoni wa Madina aliyefariki 795, aliulizwa na mtu mmoja: amestawi vipi? Akainamisha kichwa, jasho likamtoka. Kisha akasema kustawi si jambo geni, namna yake haifikiwi na akili, kuiamini ni wajibu na kuiulizia ni bidaa, yaani uzushi katika dini, akaamuru mtu yule atolewe. Pande zote mbili huyanukuu maneno haya kama yao. Mimi hurudi zaidi kwenye lile jasho. Huyu hakuwa mtu aliyeishiwa hoja.

Inauma kwamba mjadala huu umewahi kushikiwa fimbo. Mwaka 833 khalifa al-Maamun aliwalazimisha wanazuoni wakiri kuwa Qurani imeumbwa, suala lililozaliwa na ubishi huuhuu wa sifa, na imamu Ahmad ibn Hanbal aliyekataa akaja kuchapwa mijeledi chini ya khalifa aliyefuata, al-Muutasim. Mahanbali wa Baghdad, wafuasi wa Ahmad huyo, nao walimsumbua mfasiri wa Qurani at-Tabari mpaka mwisho wa umri wake. Ibn Taymiyya alifungwa Cairo mwaka 1306 akituhumiwa kumfananisha Mungu na viumbe. Wote hao waliisoma Sura ya ash-Shura, aya ya 11: hakuna chochote mfano wake, naye ni Mwenye kusikia, Mwenye kuona. Mwenye taawili huogopa kuivunja nusu ya kwanza, mwenye kuthibitisha huogopa kuipunja ya pili. Mimi naegemea kwa Malik, kuyaacha maneno yalivyokuja. Lakini kumkufurisha anayeogopa kumfananisha Mola wake na kiumbe ni kumkosea mtu aliyesukumwa na uchaji.

Wanaothibitisha husema pia: mbona wote tunapoomba tunainua mikono juu? Wenye taawili hujibu kuwa mbingu ni kibla cha dua, kama Kaaba ilivyo kibla cha sala. Sijdani, hata hivyo, hakuna anayeinua chochote. Paji la uso liko chini, pahali pa chini kabisa mwili unapoweza kufika, na ulimi unasema Subhana Rabbiyal Aala, ametakasika Mola wangu aliye Juu kabisa. Na Mtume, katika hadithi aliyoipokea Muslim, alisema hapo ndipo mja anapokuwa karibu zaidi na Mola wake.