Kwetu namba ya simu, Ujerumani jina kwenye kisanduku

Kwenye mlango wa chini wa jengo lolote la ghorofa, iwe Hamburg au Leipzig, utakuta safu ya visanduku vya barua vya bati. Kila kisanduku kina kijidirisha cha plastiki, upana wake vidole viwili hivi, cha kuwekea jina. Hicho kikaratasi cha jina ndicho kinachoendesha maisha ya mtu huku. Mbongo anatua na simu ya maana, laini mpya, bando limejaa, halafu anasahau kubandika jina lake pale. Fomu zote kajaza sawasawa, lakini kadi ya benki haiji, namba ya mlipakodi haiji, kadi ya bima ya afya haiji. Zilitumwa. Mtu wa posta alifika, hakuliona jina, akazirudisha zilikotoka.

Nyumbani kazi hiyo hiyo inafanywa na namba ya simu. Kwa hiyo mtu akiniambia Wazungu wametuacha mbali kwa teknolojia ya mawasiliano, nakataa. Wao wameliegemeza kila jambo kwenye anwani, sisi tumeliegemeza kwenye laini, na anayehama kutoka huku kwenda kule huumia kwa sababu hakuna aliyemwambia nguzo imebadilika.

Sababu ni ya zamani. Tanzania barua haikuwa na mazoea ya kuletwa mlangoni. Kulikuwa na S.L.P., sanduku moja la shule au la ofisi ya mzee, na ukoo mzima unapokea barua humo. Mitaa mingi ilikaa miaka bila majina wala namba za nyumba, mpaka operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, haikuwa na mpinzani: namba ya simu ilikuwa ndiyo njia ya kwanza ya kumfikia mtu mmoja mmoja, popote alipo, bila kupitia kwa mwalimu mkuu. Ujerumani nafasi hiyo ilishajaa. Posta ilikuwa inafika kila mlango, benki na serikali zikapita humo humo, na mpaka leo zinapita humo humo.

Tazama mzigo unavyosafiri. Mfanyabiashara wa Kariakoo anapakia vitenge kwenye boksi, anazungusha solotepu, kisha kwa makapeni anaandika jina moja la mteja, mji, na namba ya simu kwa tarakimu kubwa. Mtaa hauandiki, wa nini? Boksi linapelekwa kwenye basi la Songea au Sumbawanga, anapewa risiti, anaipiga picha na kuituma WhatsApp pamoja na namba za basi na namba ya kondakta. Kesho yake mteja anapigiwa akiwa sokoni, anakwenda stendi, anaonyesha ile picha, anabeba. Ni mfumo wa haraka, na hauhitaji mteja awe na mlango. Udhaifu wake uko mahali pamoja: ile namba. Mvua ikifuta tarakimu moja, au simu ya mpokeaji ikazima chaji siku ya basi kufika, boksi linageuka yatima stendi. Ndiyo maana wazoefu huandika namba pande mbili za boksi na kupitisha solotepu juu ya wino, na huweka namba ya pili ya mtu wa nyumbani kwa mteja.

Huku mzigo unataka jina la mtaa, namba ya nyumba, na msimbo wa posta wa tarakimu tano. Namba ya simu haina ulazima, na mleta mzigo hana mpango wa kukupigia. Usipokuwepo anamwachia jirani au anaupeleka kwenye duka au makabati ya kuchukulia mizigo, anakuachia kadi kwenye kisanduku, na unapewa kama siku saba kabla haujarudishwa kwa aliyetuma. Kinachotuangusha sisi ni majina. Pasi ya kusafiria imegawa majina yetu kwa namna yake, mwenye nyumba kaandika kisandukuni lile la ukoo, na rafiki kakutumia kifurushi kwa jina unaloitwa mtaani. Mtu wa posta halinganishi sura, analinganisha herufi. Bandika majina yote mawili, la ukoo na lile watu wanalokujua nalo. Ukiwa umepanga chumba kwa mtu, anayekuandikia aweke neno la Kijerumani "bei", yaani "kwa fulani", na jina la mwenye chumba chini ya jina lako.

Haraka ya kubandika inatokana na sheria. Ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia unatakiwa kwenda kujiandikisha makazi, hiyo Anmeldung inayosemwa kila kikao cha Waswahili, ukiwa na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba kuthibitisha unaishi pale. Kuanzia hapo mitambo inawaka yenyewe. Namba ya kodi inakuja kwa barua. Benki inatuma kadi kwa bahasha moja na namba ya siri kwa bahasha nyingine, siku tofauti, ili mwizi wa bahasha moja asipate vyote. Ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila kaya, nayo inakutafuta kwa barua hata kama huna televisheni.

Na barua ya huku ina meno ambayo meseji ya kwetu haina. Uamuzi wa ofisi ya serikali ukiletwa kwa barua ya kawaida, sheria inahesabu kwamba umekufikia siku ya nne tangu ulipowekwa posta (mpaka mwisho wa 2024 ilikuwa ya tatu). Kawaida una mwezi mmoja wa kupinga. Umeusoma hukuusoma, umeelewa Kijerumani hukuelewa, saa inakwenda. Kali zaidi ni bahasha ya njano, ile ya barua za kukabidhiwa rasmi: mtu wa posta anaandika tarehe juu yake kwa kalamu, anaitumbukiza kisandukuni, basi, umekabidhiwa. Kupinga faini ya barabarani ni wiki mbili kuanzia tarehe hiyo. Usiitupe bahasha ukabaki na karatasi ya ndani tu. Ile tarehe ya kalamu iko kwenye bahasha. Na ukisafiri likizo ya wiki sita kwenda Tanga, mpe mtu unayemwamini ufunguo wa kisanduku, awe anapiga picha kila bahasha na kukutumia. Ni jambo la kuchekesha kwamba WhatsApp yetu inaishia kuwa msaidizi wa posta yao.

Kwenye pesa, hapo ndipo natembea kifua mbele, ingawa si kwa kila kitu. Muamala wa nyumbani unapita kwenye menyu ya nyota na reli, ambayo haihitaji intaneti wala simu janja. Kitochi kinatosha. Unabonyeza *150*00# kwa Vodacom, unachagua kutuma, unaandika namba, unaandika kiasi, na kabla hujamaliza unaonyeshwa jina la mpokeaji. Hatua ya jina ndiyo roho ya mfumo, kwa sababu namba ya simu haina kinga ndani yake: ukikosea tarakimu moja, mara nyingi hiyo uliyoandika ni namba halali ya mtu mwingine kabisa. Akaunti ya benki ya Ujerumani iko tofauti. Ina herufi na tarakimu 22, na mbili zinazofuata DE ni za kukagua nyingine. Kosea moja, mashine inakataa papo hapo. Lakini wewe ukinakili kwa usahihi akaunti ya tapeli, benki ilikuwa hailinganishi jina hata kidogo. Ungeandika jina la Papa na pesa ingekwenda. Benki za nchi za euro zimelazimika kulinganisha jina na akaunti Oktoba 2025, na tarehe hiyo hiyo ndiyo zikalazimika kutuma pesa ndani ya sekunde kumi. Kabla ya hapo, pesa uliyotuma Ijumaa jioni ilikuwa kawaida kuonekana Jumatatu au Jumanne. Mama lishe wa Mbagala asingevumilia hata siku moja.

Menyu hiyo nayo ina ugonjwa wake. Ikikatika baada ya kuingiza namba ya siri, hujui kama muamala umepita. Kosa la wengi ni kurudia hapo hapo. Angalia salio kwanza, au subiri meseji yenye kumbukumbu ya muamala. Meseji huchelewa wakati pesa imeshakwenda. Na wakala akisema "mtandao unasumbua", mara nyingine anaficha aibu. Wakala ana mifuko miwili, keshi na floti, yaani pesa iliyo kwenye simu yake. Watu wakitoa, keshi inapungua na floti inajaa. Wakiweka, inakuwa kinyume. Mwisho wa mwezi au siku ya mnada kila mtu anataka kutoa, saa sita mchana droo tupu, na inabidi akimbie benki kugeuza floti kuwa noti. Kiasi kikubwa kichukue asubuhi, au mpigie wakala kabla hujaondoka nyumbani.

Tunakoshindwa waziwazi ni kurudisha pesa. Ukituma kwa namba isiyo yake, Kenya unaipeleka ile meseji ya muamala kwenda 456, Tanzania unapiga huduma kwa wateja, na kote mbio ni zile zile: kama mpokeaji kashatoa hela, imekula kwako. Ujerumani nako pesa uliyoituma mwenyewe ni vigumu kuirudisha. Ila bili nyingi hazilipwi kwa kutuma, zinalipwa kwa kuiruhusu kampuni ivute kutoka kwenye akaunti yako, Lastschrift, na mvuto huo unaweza kuurudisha ndani ya wiki nane bila kutoa sababu. Gimu imekukata mara mbili? Unabonyeza, pesa imerudi, wabaki wao kukutafuta. (Kama unadaiwa kweli, watakutafuta, na kwa barua ya madai yenye gharama juu yake.) Kitu cha namna hii ndicho ningependa kukiona kwenye miamala ya kulipia biashara nyumbani, kabla ya mikopo mingine ya kwenye simu.

Kubeba kila kitu kwenye laini moja kuna gharama nyingine. Tozo ya serikali ya Tanzania kwenye miamala, ya Julai 2021, ilitufundisha: ukishaweka biashara zote mlango mmoja, anayetaka kukusanya anasimama mlangoni. Watu walirudi kwenye noti kwa kelele nyingi, na Septemba mwaka huo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Matapeli nao wanasimama mlango huo huo. "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja" linafanya kazi kwa sababu muda wowote kuna maelfu ya watu waliokuwa kweli wanajiandaa kumtumia mtu hela, na maneno "jina litakuja" yamewekwa makusudi kuua ile kinga ya jina: jina geni likitokea, ulishaambiwa ulitegemee. Wajerumani wana ya kwao: mama anapokea WhatsApp kutoka namba ngeni, "Mama, simu yangu imeharibika, hii ndiyo namba yangu mpya", na jioni anaombwa alipe bili. Dawa ni moja kwa wote, piga ile namba ya zamani usikie sauti.

Sasa, wewe unayekaa huku na bado una kiwanja, kikoba na wazazi nyumbani, usiiache laini yako ife. Kampuni hufunga laini isiyotumika kwa miezi kadhaa, na baadaye namba huuzwa kwa mtu mwingine, ambaye ataanza kupokea meseji za benki yako. Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi kabla ya kupanda ndege. Weka laini ya nyumbani ile ya kadi na ya Ujerumani iwe ya ndani ya simu, eSIM, ili ya nyumbani isihame kwenye droo. Zima data ya laini ya nyumbani kabisa, acha meseji tu. Kila mwezi nunua vocha ndogo na tuma meseji moja ya kulipia, usitegemee kwamba kupokea tu kunatosha. Menyu ya nyota na reli mara nyingi haifunguki ugenini, kwa hiyo jisajili kwenye programu ya pesa ya kampuni yako ukiwa bado Dar, maana nyingi hutuma meseji ya kuthibitisha kutoka kwenye laini yenyewe.

Ukiipoteza laini ukiwa huku, jiandae kwa nauli. Tangu laini ziliposajiliwa kwa kidole na kitambulisho cha NIDA, na ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, kidole kinachotakiwa kurudisha laini ni chako, na kidole hakitumwi kwa basi.

Wengi wanakwepa haya kwa kumwachia mdogo wao laini na namba ya siri, "uwe unanilipia LUKU ya wazee". Inafanya kazi vizuri sana, mpaka mdogo wako akopeshwe kwenye simu kwa historia ya miamala yako. Laini ina jina lako, deni lina jina lako. Afadhali umtumie hela kwenye namba yake mwenyewe, naye akishanunua umeme akupigie picha zile tarakimu 20 za tokeni.