Muungurumo wa gari la spoti: utamu uko wapi, kelele zinaanzia wapi

Usiku wa Ijumaa, ukiwa Ilazo au Area D hapa Dodoma, hutakaa sana kabla hujasikia Toyota Altezza au Subaru iliyokatwa ekzosi (bomba la moshi) ikipandishwa resi barabarani. Wapo wanaotoka nje kutazama, na wapo wanaofunga madirisha. Wa kwanza wanasema injini nzuri ina muziki wake. Wa pili wanasema hakuna muziki hapo, ni vijana wanaotafuta kuonekana na kuwaamsha watoto wa watu. Mabishano haya nayasikia kwa mafundi, nayasikia kwenye vikao vya mtaa, na kwa maoni yangu kila upande umeshika nusu ya jambo. Wapenzi wa magari wana haki kusema utamu upo. Upo, na unaelezeka kwa hesabu. Wanachokosea ni kuamini kwamba sauti ikiwa kubwa zaidi inakuwa tamu zaidi.

Sauti inaanzia kwenye silinda. Injini ya kawaida ya petroli huchoma mafuta ndani ya kila silinda mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Basi injini ya silinda nne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika hutoa milipuko 200 kwa sekunde, na ya silinda sita, kwa mzunguko huohuo, hutoa 300. Idadi hiyo ndiyo sikio linaipokea kama noti ya muziki. Ushahidi tunao hapa hapa mjini: Altezza ilitengenezwa kwa bodi moja na injini mbili tofauti, 3S-GE ya silinda nne na 1G-FE ya silinda sita. Zote mbili zikiwa kwenye 6,000, sauti zao zinaachana kwa uwiano wa 2 kwa 3, na mwanakwaya yeyote aliyefundishwa do-re-mi anaujua umbali huo: ni kutoka do hadi so. Mtu anayesema ya silinda sita "inaimba juu" hajidanganyi wala hafuati mkumbo. Amesikia noti tofauti kweli.

Juu ya noti hiyo kuu kuna sauti nyingine nyembamba zinazopanda nayo, na hapo ndipo gari moja linapopata tabia ambayo lingine halina. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Lexus LFA, iliyotengenezwa kati ya 2010 na 2012, magari 500 tu. Injini yake ni V10, yaani silinda kumi zilizopangwa kwa umbo la V, ya lita 4.8, inafika mizunguko 9,000 kwa dakika, na hapo milipuko ni 750 kwa sekunde. Toyota waliiunda kwa kushirikiana na Yamaha, kampuni inayotengeneza pia piano na magitaa, na kazi ya sauti ikatiliwa maanani tangu mwanzo. Sauti ya hewa inayoingia kwenye injini ilipitishwa kwa mifereji maalumu hadi ndani, imfikie dereva. Injini hiyo inapanda resi haraka kiasi kwamba mshale wa kawaida ungechelewa, ikabidi waweke dashibodi ya kidijitali. Gari hilo likipita, hata mtu asiyejua gia ni nini hugeuza shingo.

Kuna pia suala la utulivu. Injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, kama 1JZ na 2JZ ambazo vijana wetu wanazitafuta kwenye Chaser, Mark II na Supra, huwasha silinda moja kila nyuzi 120 za krenki, na mitikisiko ya pistoni zake hufutana yenyewe kwa yenyewe. Ndiyo maana sauti yake inapanda bila kukwaruza, moja kwa moja, kama uzi usiokatika.

Tukiishia hapo tungesema utamu ni ulaini. Lakini Subaru inakataa. Injini yake ya silinda nne zilizolala huwaka kwa vipindi sawa kabisa, kila nyuzi 180. Ule mdundo wake wa kuyumbayumba, unaotambulika kabla gari halijakata kona, haukutokea kwenye injini. Ulitokea kwenye mabomba: manifoldi za zamani, zinazokusanya moshi kutoka kwenye silinda, zilikuwa na njia zisizolingana urefu, hivyo moshi wa silinda hizi unafika mapema na wa zile unachelewa. Matoleo ya baadaye yaliyowekewa mabomba yanayolingana yalipumua vizuri zaidi, na mashabiki wakalalamika kwamba sauti imepotea. V8 ya Kimarekani nayo ni hivyo hivyo. Injini nzima inawaka kwa mpangilio, ila kwa umbo la krenki yake kila upande wa silinda nne unapokea milipuko kwa vipindi visivyo sawa, ndiyo maana inabwata na kukoroma. V8 za Ferrari zina krenki bapa, milipuko inapokezana upande huu na ule bila kukosea, na sauti inakuwa kali na nyembamba.

Mtu aliyekulia Ugogoni hapaswi kushangaa kwamba sikio linapenda mkwaruzo. Ilimba ya Wagogo, ala ya fito za chuma zinazopigwa kwa vidole, hutobolewa matundu kwenye sanduku lake na kuzibwa kwa utando wa buibui, ili kila ufito ukipigwa noti itoke na mzizimo, yaani mvumo wa kukwaruza, juu yake. Fundi angeweza kuacha noti safi. Anaongeza mzizimo kwa makusudi, na anajua kiasi. Sauti ya injini inayovutia iko hapo: noti kuu inayosikika wazi, na mkwaruzo kidogo juu yake. Mkwaruzo ukiizidi noti, kinachobaki ni kelele.

Upande wa pili una hoja nzito ambayo wapenzi wa magari hawapendi kuijibu: tunapenda tulichozoeshwa. Mmarekani aliyekua na V8 anaona koromo lile ndilo sauti ya gari. Sisi tulimwona Colin McRae akiwa bingwa wa dunia wa rally mwaka 1995 ndani ya Subaru, na tangu hapo mdundo ule ukabeba vumbi na ushindi. Je, tungeupenda kama gari lile lingekuwa linashika mkia? Sidhani tungeupenda hivi. Nakubali kwamba sehemu kubwa ya mapenzi haya ni kumbukumbu.

Hata hivyo, mazoea hayaelezi yote, na mashindano ya magari ya Formula 1 yanaonyesha hivyo. Hadi 2013 magari yale yalikuwa na V8 za lita 2.4 zenye kikomo cha mizunguko 18,000, yaani milipuko 1,200 kwa sekunde. Mwaka 2014 zikaja V6 za lita 1.6 zenye umeme na turbo (feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa kwenye injini), ambazo mara nyingi hufanya kazi karibu na mizunguko 12,000: milipuko 600. Noti imeshuka oktavu nzima, kutoka do ya juu hadi do ya chini, na turbo nayo inakula sehemu ya nguvu ya moshi iliyokuwa ikitoka kama sauti. Mashabiki walilalamika mpaka kanuni zikabadilishwa mwaka 2016, yakaongezwa mabomba ya pembeni ili sauti ikue. Ikakua kidogo, na malalamiko hayakuisha. Kilichokuwa kimepotea ni noti ya juu, na noti hairudishwi kwa kuongeza ukubwa wa sauti.

Hilo ndilo ningependa lisikike kwenye gereji zetu. Kijana ana silinda nne, anataka sauti ya gari la spoti, fundi anamkatia mafla na kumtolea masega ya ekzosi. Mafla ina vyumba na pamba za kioo zinazochuja mawimbi: mengine hugongana na kufutana, mengine humezwa. Ukiiondoa hupati noti mpya, kwa sababu silinda ni nne zilezile. Unapata noti ileile ikiwa kubwa, pamoja na uchafu wote uliokuwa unachujwa. Mwache kijana huyo aendeshe hadi Morogoro, zaidi ya kilomita 250, injini ikiwa kwenye 3,000. Milipuko 100 kwa sekunde inazizima ndani ya bodi njia nzima, na akifika kichwa kinamuuma. Masega nayo yapo ili kupunguza sumu ya moshi. Ukiyatoa, majirani wanaovumilia kelele wanavuta na hewa mbaya.

Na nguvu je? Wengi wanaamini gari linalonguruma zaidi limeongezeka nguvu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo huvuta hapa hewa pungufu kwa takriban asilimia 10 kuliko ikiwa Dar es Salaam. Nguvu inashuka, noti inabaki palepale. Sauti na nguvu hazitembei pamoja kama tunavyodhani, na kukata mafla kwenye injini ambayo haijaguswa kitu kingine huleta faida ndogo sana.

Tatizo gumu zaidi ni sauti ya spika. BMW M5 ya mwaka 2011 ilikuja na turbo, utulivu ndani ya gari, na sauti ya injini ikiongezwa kupitia spika za redio. Wengi waliita udanganyifu. Watetezi wakajibu kwamba sheria za kelele Ulaya zinabana, turbo inafifisha sauti, na kinachopigwa kinafuata mizunguko halisi ya injini. Zamani ningekuwa upande wa wanaolaani bila kusita. Leo najali zaidi kama sauti inanieleza jambo la kweli. Hyundai Ioniq 5 N ya 2023 haina injini ya mafuta, lakini inaweza kuiga gia na muungurumo, na waandishi wengi wa magari walioiendesha waliisifu: sauti iliwaambia wako mwendo gani na wakati gani wa kuachia mguu, bila kutazama dashibodi. Mguu ukikanyaga, sauti inajibu hapohapo, ukiachia, inashuka. Uhusiano huo wa mguu na sikio naona ndio kiini cha raha yote, kuliko hata petroli yenyewe. Ila sitaiweka sawa na LFA. Sauti ya LFA inatoka kwenye hewa na chuma chake. Ya spika inaweza kuzimwa, na gari likabaki lilelile.

Wanaosema ukimya utashinda wanaweza kutuonyesha treni ya SGR, inayoingia Dodoma tangu 2024 kwa umeme, ikitembea hadi kilomita 160 kwa saa bila kunguruma. Watu wanaipenda. Sioni ikiua hamu ya injini, maana abiria anataka kufika na dereva wa gari la spoti anataka kuendesha.

Kwa mtaa, msimamo wangu hauko katikati. Nchi ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo tangu 2015, na mwenye mtoto mchanga Nkuhungu hadaiwi kusikiliza mapenzi ya mtu mwingine saa saba usiku. Magari mengi ya spoti ya kisasa hutoka kiwandani na valvu kwenye ekzosi: inafungwa ukitembea mtaani, inafunguka ukipandisha resi. Fundi anayeweza kuchomelea mabomba ya Altezza anaweza kujifunza kufunga valvu hiyo. Na mji wenye ardhi pana kama huu, wenye mradi wa barabara ya mzunguko wa nje ya kilomita 112.3, hauwezi kukosa kipande cha lami mbali na makazi ambapo injini inaweza kufikishwa kwenye kikomo chake mchana kweupe, kwa kiingilio, mbele ya watu waliokuja kuisikia.